Runinga mpya, chaneli zinakatika: shajara ya antena ya Rongai

Jumamosi

Runinga imefika saa tano asubuhi, imesimamishwa kwenye kiti cha nyuma cha Probox ya jirani na kufungwa mkanda kama abiria. Inchi 43. Ile ya zamani yenye chogo nilishampa shemeji yangu wa Kiserian juzi, pamoja na king'amuzi chake, kwa kuwa hii mpya ina king'amuzi ndani kwa ndani. Boksi lina nembo ya DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali unaotumika hapa Kenya, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: waya unaoshuka kutoka kwenye antena ya paani nauchomeka nyuma ya runinga, nasaka chaneli, tunakula chakula cha mchana tukitazama.

Kusaka mara ya kwanza: chaneli 0. Nilikuwa nimechagua kebo badala ya antena. Mara ya pili: chaneli 14. Kwa king'amuzi cha zamani tulikuwa tukipata hamsini na ushei.

Mama yuko hapa kutoka Malindi, amekuja kliniki ya presha na atakaa wiki tatu. Mama bila taarifa ya habari ya saa moja jioni halali. Saa moja ilipofika, mtangazaji alikuwa akisema maneno mawili anaganda mdomo wazi, uso umekatika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae, kisha anarukia habari nyingine kabisa. Mama alitazama kwa subira, akasema, "Mwanangu, ile yenye chogo haikuwa na maringo haya."

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima, na huko tumezoea kuandika kila kinachoguswa: umegusa nini, saa ngapi, kimebadilika nini. Ukigusa vitu viwili kwa mpigo, mtambo ukipona hujui kipi kiliuponya. Basi nimechukua daftari, naanza hapa.

Vipimo vya leo, kutoka kwenye ukurasa wa mawimbi wa runinga yenyewe. Masafa yanayobeba KBC: nguvu 38, ubora unarukaruka kati ya 10 na 45. Masafa yanayobeba Citizen: nguvu 31, ubora 0.

Jumapili

Sijapanda popote leo. Nimehangaika na mipangilio tu.

Nchi ilikuwa imewekwa Ujerumani. Kenya haimo kwenye orodha, nikachagua nyingine ya Afrika na kusaka upya. Chaneli 17. Nilifurahi kwa dakika kumi, mpaka nilipogundua kwamba zile tatu mpya zinakuja na kuondoka zenyewe. Nikajaribu kusaka kwa mkono, masafa moja baada ya jingine. Hesabu yake si ngumu: chaneli ya UHF ya 21 ni megahezi 474, na kila ngazi unayopanda unaongeza 8. Runinga inapokea masafa yote vizuri, ila mawimbi yenyewe hafifu.

Jambo moja limenisaidia kufikiri. Chaneli za dijitali hazipotei moja moja, hupotea kwa mafurushi. Kampuni moja ya usambazaji inabeba stesheni nyingi ndani ya masafa mamoja: Signet, ambayo ni ya KBC, ina furushi lake, na ADN, ile iliyoundwa na vyombo vikubwa vya habari vya binafsi, ina lake. Kwa hiyo mtu akikwambia "napata hii sipati ile", muulize kwanza kama hizo mbili zinasafiri kwenye gari moja. Kwangu mafurushi yote yanaumwa, moja limezidi. Hilo linaniambia ugonjwa uko kwangu, hauko mlimani kwenye mitambo ya kurushia matangazo.

Jioni shemeji amepiga simu. Anashukuru kwa runinga, lakini king'amuzi nilichompa kina wazimu: kila akikiwasha kinaandika juu ya kioo kwamba antena ina shoti. Picha inatoka, ila yale maneno yanamkera. Nikamwambia ni uzee.

Jumatatu

Kazini Kajiado mpaka usiku. Hakuna kilichoguswa.

Jumanne

Vipimo mara tatu. Asubuhi saa kumi na mbili: KBC nguvu 40, ubora 50, picha inatazamika. Mchana (nimempigia Mama simu anisomee): 38, ubora 30. Saa moja jioni: 36, ubora 12, vigae.

Mama alinisomea kwa utulivu kuliko mafundi wangu wanavyonisomea mita za pampu.

Jumatano

Nimeomba ruhusa nusu siku, nikapanda.

Antena yetu iko kwenye bomba la chuma lililofungwa ukutani, kama mita tatu juu ya mabati. Ni ile ya vijiti vingi, na katikati ina kisanduku cheusi cha plastiki ambamo waya unaingilia. Ukisimama pale juu ukielekea Limuru, vilima vya Ngong viko mkono wako wa kushoto, na mitambo iko mbele yako, kilomita thelathini na kitu, kwenye nchi iliyoinuka kuliko sisi. Antena za majirani wote zimeangalia huko. Yangu ilikuwa imeinamia mashariki kidogo, kiasi cha upana wa mkono, labda kwa upepo wa mwezi wa nane. Nikaona nimempata mwizi.

Mwanangu mkubwa akakaa dirishani, Mama akakaa mbele ya runinga, mimi juu. Nani hajawahi kuifanya kazi hii? "Geuza! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitisha!" Zamani za analojia ilikuwa na mantiki yake: chengachenga zilipungua kidogo kidogo kadiri unavyoikaribia shabaha, na jicho lilikuongoza. Dijitali haina huruma hiyo. Picha ipo au haipo, na katikati pana ukingo mwembamba unaoning'inia. Tena runinga huchukua sekunde tatu nne kukusanya mawimbi kabla ya kuonyesha kitu. Sasa Mama anapiga kelele "Hapo hapo!" wakati mimi nimeshapita pale zamani. Tumezunguka hivyo nusu saa. Mwishowe nikabadili utaratibu: geuza upana wa kidole, hesabu mpaka kumi, uliza namba ya ubora, siyo picha. Kwa njia hiyo tukapata pahali ambapo KBC ilisoma ubora 55.

Hapo ningeishia. Lakini niliposhuka na kuingia ndani nikaona konekta ya waya nyuma ya runinga ina kutu, nikaikata, nikavua ganda la waya kwa kisu cha jikoni, nikafunga konekta mpya ya kuzungusha. Nilikuwa na haraka, giza linaingia. Kutu imeondoka, kazi safi.

Naandika hapa kwa kalamu nyekundu kwamba nimegusa vitu viwili siku moja.

Alhamisi

Chaneli 4. Nguvu 22. Ubora 0 karibu kila mahali.

Nimepanda tena saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikairudisha antena ilikokuwa. Hakuna tofauti. Nikaielekeza tena Limuru. Hakuna tofauti. Mama ameanza kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio, na anasema hata huko habari ni zile zile.

Ijumaa

Nimemwita fundi. Si mtu mbaya, ila ana dawa moja kwa magonjwa yote. Aliitazama antena akiwa bado getini akasema, "Hii ni ya zamani mzee wangu, hizi runinga mpya ni za 4K, zinataka antena ya 4K." Sikubishana naye mbele ya Mama. Lakini antena ni vijiti vya aluminiamu, haijui kitu kuhusu 4K. Inachojua ni urefu: wimbi la megahezi 474 lina sentimita 63, nusu yake ni kama 31, na ndiyo maana vijiti vina ukubwa ule. Kinachobebwa ndani ya wimbi, kiwe cha rangi au cha nyeusi na nyeupe, si shughuli yake. Wauzaji wameyabandika maneno hayo kwenye maboksi, na mafundi wanayasoma kwenye maboksi.

Akashuka bei. Tukakubaliana aniuzie busta tu, ya kuunganisha nyuma ya runinga, shilingi 900. Ina waya wake wa stima. Tukaifunga. Nguvu ikapanda kutoka 22 hadi 61! Fundi akanitazama kama aliyeshinda kesi. Ubora: 0. Chaneli: 4.

Hapa ndipo watu wengi huibiwa, kwa hiyo nalieleza. Nguvu ni wingi wa kinachoingia, ukiwemo uchafu. Ubora ni kiasi ambacho runinga inakielewa. Busta iliyokaa chini, baada ya waya, inakuza kile kilichofika, na kama kilichofika ni takataka, unapata takataka nyingi. Ni kama kufunga pampu ya pili kwenye bomba la maji ya tope. Presha utapata, maji ya kunywa hupati.

Fundi amekubali kurudisha 600. Mia tatu ni nauli yake, sikatai.

Jumamosi

Siku ndefu, na ndiyo iliyofungua kila kitu.

Nimempigia shemeji nikamwomba aniazime king'amuzi kwa siku moja, nipime. Amefika saa sita na mfuko wa plastiki mkononi, na alionekana kufurahi kukitoa nyumbani kwake. "Shemeji, chukua kabisa ukitaka, mimi yale maneno yamenichosha."

Nikachomeka waya wa antena kwenye king'amuzi, king'amuzi kwenye runinga. Kikawaka. Na mara ile ile, juu ya kioo: antena ina shoti. Shemeji akacheka, "Unaona? Si nilikwambia?" Nami nikacheka. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba hiyo ni tabia yake, nikafunga ujumbe nikaendelea kusaka. Chaneli 5. Nikasema basi, antena imekufa, fundi alikuwa sahihi kwa njia isiyo sahihi.

Nikiwa nimeshaanza kupanga hela ya antena mpya, nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza kijana wangu yeyote kazini: mita inasemaje? Kwenye pampu hatuamini taa, tunaamini mita. Nikaleta multimita kutoka kwenye gari, nikachomoa waya kwenye king'amuzi, nikagusisha ncha moja kwenye uti wa katikati na nyingine kwenye chuma cha nje cha konekta. Mita ikalia. Shoti ya kweli.

Nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani ya ile konekta yangu safi ya Jumatano. Unywele mmoja wa ule wavu wa nje ulikuwa umelala kuvuka ganda jeupe la ndani, mpaka ukaugusa uti wa shaba. Mmoja tu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Nimeufuta kwa ncha ya kisu, nikakata waya upya, safari hii nikaukunja wavu wote nyuma kama mkono wa shati, nikahakikisha ganda jeupe limebaki uchi kidogo pande zote. Mita kimya.

Nikachomeka tena kwenye king'amuzi. Hakuna ujumbe. Kusaka: chaneli 54. Mama akaitwa kutoka jikoni. Picha imetulia kama maji ya mtungi.

Shemeji akasema, "Basi imepona, hamishia kwenye runinga." Nikahamisha waya ule ule, uliokuwa umetoka kuleta chaneli 54 dakika moja nyuma, nikauchomeka kwenye runinga moja kwa moja.

Chaneli 16.

Tukatazamana. Antena ile ile, waya ule ule, konekta ile ile. Nikarudisha kwenye king'amuzi: 54. Kwenye runinga: 16. Mama akauliza kama tunacheza.

Ule ujumbe wa shoti ndio ulioniamsha. King'amuzi kilijuaje kwamba antena ina shoti? Kifaa kinachopokea tu hakina namna ya kujua. Anayejua kuna shoti ni yule anayepeleka umeme ukamrudia. Nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, chini kabisa, ukurasa ambao tangu 2015 sijawahi kuufungua, nikakuta mstari unaosema umeme wa antena, na umewashwa. Nikauzima. Picha ikavunjika vigae papo hapo. Nikauwasha. Ikarudi. Nimefanya hivyo mara tano, mara ya tano ni kwa raha tu.

Kisha mita, upande wa volti. Tundu la antena la king'amuzi: 4.9. Tundu la antena la runinga mpya: 0.00.

Kile kisanduku cheusi katikati ya vijiti si cha kuunganishia waya tu, kina kibusta ndani, nacho kinakula volti 5 zinazopanda kwa waya ule ule ambao mawimbi yanashuka nao. Miaka yote hii king'amuzi kilikuwa kikikilisha kimya kimya. Nilipokitoa, nilidhani nimetoa kifaa cha kutafsiri mawimbi, kumbe nimetoa na jiko. Na kibusta kisicho na umeme si kwamba hakisaidii tu, kinaziba. Ni kama pampu ya kisima iliyozimwa: maji hayapiti katikati yake kwa hisani, yanayopita ni yale yanayovuja. Zile nguvu 38 na 31 za siku ya kwanza zilikuwa uvujaji.

Fundi aliyetufungia mwaka ule hakusema neno, na simlaumu. Ilikuwa ndiyo ile Februari ya 2015, analojia imezimwa Nairobi, stesheni kubwa za binafsi zikiwa giza kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya ule mvutano wao na serikali, na kila mtu akitafuta king'amuzi na mtu wa kupanda paani. Walikuwa wanafunga nyumba nane kwa siku. Alileta antena na king'amuzi pamoja, akawasha, kikashika, akaenda nyumba ya pili.

Jumapili

Kwa leo tunatazama kwa king'amuzi. Mama ametazama ibada, na filamu, na marudio ya taarifa alizozikosa.

Nina njia tatu. Kubaki na king'amuzi: bure, lakini rimoti mbili, na Mama ameshaizima ile isiyostahili mara nne. Kununua antena isiyo na kibusta: kwa umbali wetu huenda ingetosha, lakini kuna mita 15 za waya kutoka paani, na waya huu wa kawaida wa ohmu 75 hula karibu nusu ya nguvu kwa urefu huo. Afadhali mawimbi yakuzwe huko juu kabla hayajaliwa. Ya tatu ni kutafuta kifaa cha kuingiza volti 5 kwenye waya kabla haujafika kwenye runinga. Nimeona vipo, vidogo kama kidole gumba, na vina mkia wa USB.

Jumatatu

Nimepitia Barabara ya Luthuli baada ya kazi. Duka la kwanza walinipa busta. La pili walinipa busta kubwa zaidi. La tatu nikaacha kutumia majina ya vitabuni, nikasema nataka kale ka waya ka USB ka kupatia antena moto. "Si ungesema!" Shilingi 350, na mlolongo wa watu nyuma yangu.

Kina tundu mbili, moja imeandikwa antena, nyingine imechorwa runinga. Nimekifunga kinyume. Dakika ishirini za kutukana Luthuli nzima kabla sijavaa miwani.

Kikiwa kimegeuzwa sawasawa, na mkia wa USB umechomekwa kwenye tundu la USB la runinga yenyewe: KBC nguvu 74, ubora 98. Citizen nguvu 70, ubora 95. Chaneli 54, zile zile za king'amuzi.

Nimejaribu pia kulisha kwa chaja ya simu, ile ya bei ya kutupa, ili runinga ibaki na tundu lake. Ubora ukashuka mpaka 70. Chaja hizo huwa na kelele ya umeme, na kelele inapanda kwa waya ule ule. Nimerudisha kwenye runinga. Ikizimwa, USB inazimika, kibusta kinalala. Ikiwashwa, chaneli ya kwanza inachelewa kama sekunde tatu. Mama hakuona.

Jumanne

Nilitaka kuandika "mwisho" jana. Vizuri sikuandika.

Saa kumi na mbili na nusu jioni furushi moja, lile la juu kabisa kwenye masafa, limeanza vigae. Mengine salama. Nguvu 69, ubora umeanguka kutoka 95 hadi 40. Saa tatu usiku lilipona lenyewe.

Jumatano

Saa kumi na mbili na nusu tena, kwa saa. Mawimbi hayana saa, watu ndio wana saa. Kuna anayewasha kitu wakati huo.

Nimemweka mtoto mbele ya ukurasa wa mawimbi, mimi nikazunguka nyumba nikizima taa moja moja. Sebule, hakuna. Jikoni, hakuna. Choo, hakuna. Taa ya ukumbi mdogo wa kuingilia: "Baba, tisini na tano!" Nikawasha: arobaini. Ni balbu ya LED ya shilingi themanini, nayo huzimwa saa tatu tunapofunga mlango. Kumbe tangu mwanzo ilikuwa na mkono katika zile namba mbaya za jioni.

Lakini nina balbu nne za aina hiyo hiyo nyumbani na tatu hazina kosa. Nikapanda kiti nikaondoa ubao mmoja wa dari. Waya wa antena unapita hapo, juu ya kishikio cha balbu, na pale pale una kiungo. Mtu alizungusha uti kwa uti kwa vidole, wavu wa nje akauacha wazi kila upande, akafunga yote kwa gundi nyeusi ya stima. Sentimita nne za waya usio na ngao, zimekaa juu ya balbu yenye kelele. Antena ya pili, ndani ya dari, inayosikiliza taa.

Ijumaa

Kiungo kimekatwa. Konekta mbili mpya na kiungio cha chuma cha katikati, shilingi 120 zote. Mita imepima kila konekta kabla ya kuzungushwa, sirudii ya Jumatano ile ya kwanza. Balbu imeachwa ile ile makusudi, ili nijue ni nini kilichoponya. Taa ikiwaka: 94. Taa ikizimwa: 95.

Paani, konekta ya kisanduku cheusi nimeivalisha mpira unaojivuta wenyewe kwa ajili ya mvua, na waya nimeupindisha shingo ya chini kabla haujaingia ukutani, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Gharama: kifaa cha USB 350, konekta na kiungio 120, konekta ya Jumatano ile ya kwanza 30, nauli ya fundi 300. Jumla 800.

Jumamosi

Shemeji amekuja kuchukua king'amuzi chake, kwa shingo upande. Nikamuuliza antena yake ni ipi. Ya ndani, ile ya duara la waya, haina kisanduku wala stima. Nikamwambia duara lile ni waya mmoja unaotoka kwenye uti na kurudi kwenye wavu, kwa hiyo umeme wa king'amuzi ukifika pale unaona njia nyeupe ya kurudi, na kinaandika shoti kwa haki kabisa. Hakina wazimu. Nikafungua ule ukurasa wa chini kabisa, nikazima umeme wa antena, nikamkabidhi.

Amepiga simu saa mbili usiku kutoka Kiserian. Maneno yameondoka. Mama akaichukua simu kumsalimia, akamwambia apige baadaye, taarifa haijaisha.